Choo Kando ya Kitanda

Mjomba wangu alikula miaka mingi majahazini, na choo alichokijua ni kisanduku cha mbao kilichoning'inia nje ya tezi. Unachuchumaa, bahari iko chini yako, na mengine unaliachia wimbi. Nilipomweleza kwamba kwenye yoti ninayoitunza hapa Kilifi choo kiko hatua mbili kutoka kitanda cha mwenyewe, aliuliza kama hao watu ni wazima.

Wazima ni wazima, ila wana mabomba. Ukiketi, magoti yanagonga mlango. Ukimaliza unapampu kwa mkono: maji ya bahari yanaingia, mzigo unatoka, unapita valvu ya mpira inayofunguka upande mmoja tu, unapanda bomba lililopindwa juu ya usawa wa maji ili bahari isirudi kukuzamisha, kisha unateremka tangini. Mbali baharini tangi linamwagwa. Ndani ya hori, kwenye wavuvi na waogeleaji, unakaa nalo.

Kaskazi ilipoanza mwenyewe alirudi kutoka Ulaya, akafungua mlango, akasema kuna kitu kimekufa. Mtuhumiwa wa kwanza akawa mpishi, kwa sababu ya papa mkavu. Hakutusemesha hadi jioni. Wa pili ikawa ngama, maana tezi na omo marejeo ni ngamani. Nikaisugua kwa sabuni hadi ikang'aa, na uvundo ukabaki pale pale. Bwana akanunua manukato ya kupuliza, mimi nikafukiza udi. Tukapata uvundo ule ule, ila sasa umealikwa harusini.

Ukweli ulikuja vipande vipande. Ile harufu ya yai viza unapopampu asubuhi mara ya kwanza haitoki kwa binadamu hata kidogo. Ni vijidudu vya baharini vilivyolala katika bomba la kuingizia maji, vikafa, vikaoza. Wageni wangapi wameona haya bure! Dawa yake ni kusukuma maji yasiyo na chumvi humo kabla ya kuiacha yoti. Tangi nalo lina kijibomba cha kupumulia, na nyigu walikuwa wamekijengea udongo. Tangi likikosa hewa, hustawi bakteria wanaotoa gesi ya kunuka; likipata hewa, wanaofanya kazi ni wale wastaarabu zaidi.

Lakini mhalifu mkuu alikuwa bomba lenyewe. Bomba la plastiki hunywa harufu taratibu, hadi likaanza kunuka kwa nje ingawa halivuji hata tone. Ukitaka kulikamata, loweka tambara katika maji ya moto, lizungushe kwenye bomba, ngoja lipoe, kisha nusa tambara. Bwana aliifanya kazi hiyo mwenyewe, miwani puani, akinusa tambara moja baada ya jingine kwa makini ya mnunuzi wa karafuu. Alipofika bomba la kutolea, macho yakamtoka machozi.

Kulibandua ndiyo ilikuwa kazi. Mkojo ukikutana na maji ya chumvi huacha gamba gumu la chokaa, na ndani ya bomba lile ilikuwa imebaki njia ya kidole. Tulilimwagia maji ya moto lilegee. Bwana akashika ncha moja akavuta. Tangi tulikuwa tumelimwaga; bomba lililopindwa halikuwa limemwagwa, na nilikuwa nimemwambia ashushe ncha ndani ya ndoo. Nilimwambia kwa Kiingereza safi, labda ndiyo maana hakunisikia. Ncha iliachia ghafla, ikaelekea kitandani. Mpishi, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, alirudi jikoni akiimba.

Sasa tuna bomba la mpira mnene, na mara kwa mara namimina siki choo kikalala nayo, gamba lisijijenge upya. Mlangoni bwana amebandika onyo: usitie humu chochote ambacho hukukila kwanza. Wageni waliofuata walikuwa watiifu sana. Walikula mapera ndoo nzima, mbegu zikakwama kwenye valvu, ikagoma kufunga, na kila kilichokwenda kikawa kinarudi bakulini kusalimia. Nikiwa bado nimepiga magoti na spana, bwana alinipa kalamu niongeze chini ya onyo: isipokuwa mapera.