Muhuri Usiochoka

Kasese, Uganda, haina uhaba wa vya kusifiwa: theluji ya Rwenzori, chumvi ya Katwe, shaba ya Kilembe. Hivyo nawaachia washairi. Mimi nausifu muhuri wa mpira unaogongwa kwenye barua ya kamati ya maadili ya utafiti.

Tazama ukarimu wake. Mtafiti anayetaka kuwauliza watu wa Bwera, Kagando na Mbarara swali lilelile hapewi baraka moja tu. Kamati ya taasisi yake husoma, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia husajili, Mamlaka ya Taifa ya Dawa huingia pakiwa na dawa ya kujaribiwa, kisha zamu ya mganga mkuu wa wilaya, mwakilishi wa Rais wilayani na uongozi wa hospitali. Taasisi nyingine yenye kamati yake nayo haikubali kupitwa. Koma aliyoiondoa wa kwanza, wa tatu huirudisha. Mtafiti mwenye nia mbaya angeshakata tamaa. Anayefika mwisho, bila shaka, ni walii.

Muhuri huheshimu mipaka kuliko Ebola. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliingia na jamaa zake kutoka Kongo, akatibiwa Kagando, akahamishiwa Bwera. Tarehe 11 ugonjwa ukathibitishwa. Virusi havikuomba kibali upande wowote wa mto Lhubiriha ulioko mpakani. Ng'ambo, jaribio la PALM lilikuwa likilinganisha dawa nne za Ebola tangu Novemba 2018, kwa karatasi zake. Ndugu wa ukoo mmoja, wanaoelewana bila mkalimani, upande huu wana karatasi nyingine.

Wapo wachokozi wanaotaka muhuri mmoja. Marekani, tangu Januari 2020, utafiti wa vituo vingi unaogharimiwa na serikali kuu hupitiwa na kamati moja, ila kwa sehemu inayofanyika ndani ya nchi hiyo tu. Bwera bado ijipange foleni. Afrika nayo ina AVAREF, jukwaa la udhibiti wa chanjo, lililoanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, linalowaketisha wakaguzi wa nchi mbalimbali meza moja. Wakizoea kuketi pamoja, wino utaganda chupani.

Lakini hata hiyo kamati moja itakaa wapi? Fomu ya ridhaa ikisema "damu kidogo", mama wa soko la mpakani la Mpondwe atataka kujua ni vijiko vingapi, itahifadhiwa wapi, na itapandishwa ndege kwenda kwa nani. Mjumbe aliyeko Kampala huipitisha fomu kwa kuwa Kiingereza chake kimenyooka. Aliyelelewa Bwera angesikia tafsiri yake ya Lhukonzo, lugha ya huku, ikisomwa kwa sauti, akairudisha asubuhi hiyohiyo.

Miongozo ya Uganda hudai kila kamati iwe na mjumbe wa jamii. Yumo. Ni wa jamii ya jirani na ofisi ya kamati, na hoja zake husikilizwa kwenye ajenda ya mwisho, "Mengineyo", chai ikiwa imeshaletwa.