Ile Hela Itume kwa Namba Hii

Idodi ni mahali ambapo mwenye duka akiitwa msibani hulikabidhi duka kwa mtoto wa jirani, na mtoto wa jirani akichoka hulikabidhi kwa mteja. Jioni hesabu hukutwa sawa, na kuna siku huzidi. Huko ndiko nilikokwenda kuuza mashaka.

Nilijiandaa kama watu. Jina la biashara nilisajili BRELA kwa simu, namba ya mlipakodi nikachukua, vipeperushi nikachapisha Miyomboni, Iringa mjini, vyenye picha ya kufuli juu ya kompyuta: Tunalinda biashara ndogo dhidi ya wahalifu wa mtandaoni. Nikapanda basi la njia ya Ruaha, lile linalopishana na Land Cruiser za watalii na kuachiwa vumbi. Kipeperushi kimoja nilimpa konda. Alikisoma hadi mwisho, akakikunja, akakichomeka kwenye kioo cha dirisha kilichokuwa kinagonga. Kikatulia. Mpaka leo huyo ndiye mteja pekee ambaye tatizo lake lilikwisha siku hiyo hiyo.

Msinicheke, kazi ipo. Tungamalenga na Mapogoro kuna kambi zinazopokea oda za wageni kwa barua pepe na nakala za pasipoti zao kwenye kompyuta ile ile ambayo dereva anahifadhia nyimbo. Kuna mashine za kukoboa mpunga ambazo msimu wa mavuno hela huingia na kutoka kwenye simu ya mwenyewe mchana kutwa. Mawakala wa pesa ndio usiseme. Tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008, kibanda cha wakala kimekuwa benki, posta na baraza. Na sheria imo upande wangu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na ajisajili kwenye Tume inayoisimamia. Nilimsomea mwenye kambi mmoja vifungu nilivyoviona vinatisha. Akanisikiliza kwa adabu kubwa, kisha akasema, “Kijana, hizo pasipoti nani azitake? Wenyewe walisharudi Ujerumani.”

Nikaanzia kwa wakala. Tulikubaliana nikae kibandani kwake niwaelimishe wateja bure, yeye apate sifa. Akaingia bibi mmoja na simu yake imefungwa kwenye ncha ya kanga.

“Kamwene.”

“Kamwene, bibi.”

Akamkabidhi wakala simu, akafungua kinywa aitaje namba ya siri mbele ya foleni nzima. Nikamuwahi: bibi, namba ya siri hatajiwi mtu yeyote, hata wakala, hata mjukuu. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, akamgeukia wakala. “Huyu ni mtoto wa nani?”

“Mgeni, bibi. Katokea mjini.”

“Basi mwambie atoke nje kwanza. Nataka kutaja namba yangu.”

Nikatoka. Kitaalamu bibi hakuwa na kosa: aliona mtu asiyemfahamu karibu na hela zake, akamwondoa. Ni kozi ya miezi kadhaa watu wanailipia ada kujifunza hilo.

Mwenye mashine ya kukoboa alinielewa haraka kuliko wote, na ndicho kilichonikosesha kazi. Nilikuwa namweleza jinsi wezi wa mtandaoni wanavyojaribu milango kila saa, akanikata. Shamba lake liko upande wa hifadhi. “Ni tembo hao,” akasema. “Kila usiku anakuja kupapasa kamba zangu za pilipili. Usiku nikisahau kupaka, ndio huo huo anaingia. Sasa huyo wa kwako anakula nini?”

“Hela, mzee.”

“Akishakula, serikali inatoa kifuta jasho?”

Nikasema hapana, huyu hana kifuta jasho. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akaniambia nichague biashara nyingine.

Mwenye kambi akaja kunikubali mwenyewe, si kwa sababu ya sheria bali kwa hadithi. Nilimsimulia WannaCry, kile kirusi cha Mei 2017 kilichofunga kompyuta duniani kote na kudai fidia ya dola 300 kwa kila moja, wakati Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka tangu Machi. Waliolia ni wale ambao hawakusasisha. Akaitazama kompyuta ya mapokezi. Haikuwahi kusasishwa tangu inunuliwe. “Isasishe leo,” akaamuru. Nikaiwasha usiku, nikalala. Asubuhi masasisho yalikuwa yameingia yote, na bando la kambi la mwezi mzima limeisha. Mgeni mmoja alikuwa amepiga picha ya mbwa mwitu, mnyama ambaye watu huvuka bahari kuja kumtafuta Ruaha, na hana pa kuirushia. Akazunguka kambi ameinua simu juu. Mwenye kambi ananitazama tu.

Ndipo likaja jaribio. Kila mwenye kazi hii hulifanya: unawatumia wafanyakazi ujumbe wa kitapeli wa mafunzo, bosi akiwa anajua na ametia sahihi, uone nani atanasa. Wenzetu wa nchi za nje hutengeneza barua pepe za benki zenye nembo. Mimi nilitumia laini ambayo hawaijui, iliyosajiliwa kwa jina langu halali, nikaandika ule ujumbe ambao kila Mtanzania mwenye simu ameshaupata: Ile hela itume kwa namba hii.

Mpishi akatuma elfu arobaini kabla chai haijapoa. Alikuwa na deni la kuku. Kijana wa mapokezi akajibu kwa heshima, “Hela ipi, ya harusi au ya msiba?” Dereva aliupenda mwandiko wenyewe: akaunakili, akawatumia watu wote wanaomdai— samahani, anaowadai— akiwaelekeza kwenye namba yake mwenyewe, na wawili wakalipa madeni aliyokwisha kuyasamehe moyoni. Ndiye pekee aliyepata faida katika mafunzo yangu.

Nikiwa nimekaa na majibu hayo ndipo nilipomwelewa tapeli. Hana kirusi, hana programu. Anachojua ni kwamba hakuna mtu huku asiye na “ile hela”: ya kuku, ya mbegu, ya mchango, ya mjomba aliyelazwa. Mwaka 2016 wezi walijaribu kuchota karibu dola bilioni moja za Benki Kuu ya Bangladesh. Wakaondoka na milioni 81, na agizo moja lilizuiwa kwa sababu waliandika “fandation” badala ya “foundation”. Kwetu hilo lisingewakwamisha. Ujumbe ukija umenyooka kila herufi ndiyo tunaushuku. Wenye makosa ya tahajia tunajua ni mjomba kweli. Ripoti za TCRA zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Mmoja tunapakana nao, mwingine uko ng'ambo ya Mbeya na Songwe. Mimi ushindani wangu ni huo, na wao hawachapishi vipeperushi.

Elfu arobaini ya mpishi niliirudisha, makato juu yangu. Lakini mwenye kuku alikuwa bado anadai, mpishi anasisitiza ameshalipa na ujumbe wa muamala anao, jina langu limeandikwa pale kwa herufi kubwa. Tukafikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti aliniuliza swali moja tu, kama kweli nalipwa kwa kazi ya kuwatapeli watu wa Idodi. Nikamwonyesha mkataba. Akausoma, akasema hajawahi kuona mwizi mwenye mkataba, akatuandikia tuyamalize.

Aliyefaulu alikuwa mmoja, mlinzi wa usiku mwenye kitochi. Alipopata ujumbe hakujibu, hakuuliza. Aliupeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, akaombwa namba iliyoutuma, akaituma. Laini yangu ikafungwa. Nilipoomba nimpongeze akasimama mbali na rungu lake, akanitaka nitaje jina la baba yangu.

Mwenye kambi alinilipa nusu fedha, nusu mchele, na mchele wa Idodi si wa kudharau. Nikaona nisimwache yule mlinzi apotee bure. Nikamwajiri awe msaidizi wangu kwa saa za mchana, akakubali, tukapeana mikono mbele ya mashahidi. Ijumaa nikiwa Iringa mjini nikamtumia ujumbe kwa laini mpya: ile hela ya utangulizi tuliyoongea, nitumie namba yako nyingine niiweke huko.

Jioni laini mpya ikafungwa. Nimemwongeza mshahara, lakini itabidi nirudi Idodi nikamwambie kwa mdomo.