Yah: Pole kwa kulazimishwa kusema ukweli

Kwa Shirikisho la Kitaifa la Wauzaji wa Rejareja,
Washington, D.C., Marekani.

Waheshimiwa wafanyabiashara wenzetu,

Salaam kutoka Soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, kwenye meza za mashati ya mtumba. Mashati yenyewe mengi yametoka huko kwenu, kwa hiyo hatuandikiani kama wageni. Nguo zenu tunazijua mpaka mifukoni.

Habari zenu zimetufikia na tumesikitika. Mei 2025 Gavana Kathy Hochul alitia saini sheria ya jimbo la New York inayosema kwamba muuzaji akimpangia mteja bei kwa mashine iliyochungulia taarifa zake binafsi, basi aandike hapohapo penye bei, tena kwa herufi kubwa: BEI HII IMEPANGWA NA ALGORITHIMU KWA KUTUMIA TAARIFA ZAKO BINAFSI. Asiyeandika, faini ni hadi dola 1,000 kwa kila kosa. Hawakuwakataza kupandisha bei, wala hawakuwapangia muuze kiasi gani. Wamesema mseme tu. Na kusema huko ndiko kulikowauma. Julai mkakimbilia mahakamani kulalamika kwamba kulazimishwa kutamka maneno hayo kunaingilia uhuru wenu wa kujieleza, na kwamba mteja akiyasoma ataogopa bure. Oktoba Jaji Jed Rakoff akaitupa kesi, na tarehe 10 Novemba sheria ikaanza kazi.

Poleni sana. Kumwambia mteja ukweli wa bei ni adhabu ambayo sisi wa Karume tumeikwepa miaka yote bila kuajiri wakili.

Ila kabla ya rambirambi kuendelea, naomba tuwekane sawa: bei ya mtu na mtu hamkuibuni nyinyi. Mteja akiingia kwenye uchochoro wa meza zetu, kabla hajasalimia nimeshamsoma. Naanza na viatu, napanda. Funguo za gari zinaning'inia kidoleni: ongeza elfu tatu. Kamba ya kitambulisho cha ofisi imesahaulika shingoni: elfu tano, na hapo anaitwa "bosi". Dada aliyekuja na shoga yake naanza naye chini kidogo, maana shoga kazi yake ni kusema "twende zetu, kule mbele yapo". Mgeni anayeuliza kwa Kiingereza, huyo nisimseme, Mungu ananiona. Mtu akiligusa shati akalirudisha, bado hajawa wangu. Akiliweka kifuani na kuanza kutafuta kioo, biashara imekwisha, kilichobaki ni mazungumzo. Hizo zote ni taarifa binafsi, na nazikusanya bila ridhaa ya mtu. (Nasikia hapa kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zangu ziko kichwani. Wakaguzi wakija, benchi lipo.)

Sasa tazameni upande wa pili wa meza. Wakati mimi namsoma yule dada, na yeye ananisoma. Ni saa kumi jioni, wingu limetanda, meza bado imejaa, na kwa jinsi nilivyomchangamkia ameshajua kwamba leo sijafungua. Analigeuza shati kwapani, ananionyesha doa ambalo asubuhi nililikunjia ndani. Namwambia elfu kumi na tano. Anacheka. "Kaka, huu mtumba au dukani?" Anataja elfu tano. Naapa kwamba kwa bei hiyo nakula mtaji. Analiweka shati, anaondoka, tena polepole, ule upolepole wa makusudi unaotuumiza sana sisi wauzaji. Nahesabu hatua zake, moyo unanikataza, mdomo unamwita: "Dada, njoo. Leta nane." Analeta nane. Nimempiga? Huenda. Amenipiga? Huenda pia, maana belo lile nililinunua ghali na nusu yake yalitoka masweta.

Huo ndio ufundi wetu, na nyinyi mmeuchukua nusu. Mmebeba ile nusu ya kumsoma mteja, mkaiacha mezani nusu ambayo mteja anajibu.

Na hiyo nusu mmeikuza mpaka tunaona wivu. Huku Kariakoo tuna mawinga: vijana wasio na duka, wanaokudaka barabarani, wanakuingiza kwenye duka la mtu mwingine na kuweka cha juu chao kwenye bei. Tulidhani winga ni mali yetu. Kumbe Julai 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho huko kwenu iliziandikia kampuni nane zieleze zinavyosaidia wauzaji kupanga bei kwa kumtazama mnunuzi, na kati yake zimo Mastercard, JPMorgan Chase, Accenture na McKinsey. Mawinga wa suti! Matokeo ya awali yalipotoka Januari 2025, tukasoma kwamba kinachoweza kutumika ni mahali mtu alipo, alichowahi kununua, bidhaa alizoziacha kikapuni bila kulipia, hata jinsi kipanya kinavyotembea kwenye kioo cha kompyuta. Tume ikatoa mfano wa mzazi mpya: mashine ikishamtambua kwamba ana kichanga, yaweza kumpangia mbele vipimajoto vya watoto vya bei ya juu. Mama mwenye mtoto anayechemka usiku hawezi kupiga zile hatua za polepole. Sisi tunabahatisha kwa kutazama viatu, nyinyi mnajua mtoto wa mtu ana homa.

Halafu kuna suala la mayai. Desemba 2025 mashirika ya Consumer Reports na Groundwork Collaborative yalitoa uchunguzi wao juu ya Instacart, programu ya simu ya kuagizia vyakula dukani. Kwenye duka moja la Safeway, mjini kwenu hapohapo Washington, dazeni moja ya mayai yaleyale ilionekana kwa bei tano: dola 3.99, 4.28, 4.59, 4.69 na 4.79, kutegemea nani ameshika simu. Kwa baadhi ya bidhaa tofauti ilifika asilimia 23. Kampuni ikajitetea kwamba haikutumia taarifa za mtu, yalikuwa majaribio ya kubahatisha tu, na kabla ya Krismasi ikasema imeyaacha. Utetezi huo umenishinda. Mimi nikikuongezea bei, walau nimekutazama usoni nikakufikiria. Hawa wanampigia mtu kura kwenye mayai, halafu wanaona wametenda haki kwa kuwa kura haina macho.

Target, wenye maduka makubwa, nao wana kipaji chao. Mwaka 2019 kituo cha televisheni cha Minneapolis kilionyesha programu yao ya simu ikitaja televisheni kwa dola 499.99 ukiwa mbali na duka, na 599.99 ukishaingia. Bei inapanda mteja akiwa anaegesha gari! Mwaka 2022 walilipa dola milioni 5 kumaliza kesi ya waendesha mashtaka wa California. Hapa sokoni hatujafikia ufundi huo. Bei yetu hupanda mteja akiwa tayari amesimama mbele ya meza.

Hayo yote ningeyachukulia kama utani wa jino kwa jino kati ya wafanyabiashara. Lipo moja nililolikataa. Mwaka 2012 gazeti la Wall Street Journal liligundua kwamba tovuti ya Staples, wauza vifaa vya ofisi, ilikuwa ikimpa bei nafuu mnunuzi anayekaa karibu na duka la mshindani, na anayekaa mbali nalo ikimtoza zaidi. Walipotazama ramani wakakuta maeneo yaliyopata bei nafuu ndiyo yenye watu wa kipato kikubwa. Kwetu mwenye funguo za gari ndiye anayeongezewa, na mwanafunzi wa chuo aliyekuja kwa mguu kutafuta shati la mahafali anapata nafuu, tena namfungia na vifungo viwili vya akiba. Kwenu mashine haiulizi nani ana hela. Inauliza nani hana pa kwenda.

Sisemi sisi ni malaika. Yupo Mangi, mwenye duka la uchochoroni, ambaye saa nne usiku, maduka mengine yakishafungwa, mkate wake unakumbuka ghafla kwamba umepanda. Lakini Mangi ana sura, ana jina, na kesho yake mtaa mzima unamsema mbele ya duka lake mpaka arudishe bei. Mashine yenu inasemewa wapi?

Mnajibu kwamba taarifa za mteja mnazitumia kumpunguzia bei. Nawaamini kabisa. Hata mimi sijawahi kuuza shati bila kulipunguza, ndiyo maana naanzia kumi na tano.

Kwa hiyo sheria ya New York naiona fupi, ingawa nyinyi mnaiona ndefu. Inamwambia mteja kwamba ametazamwa, haimwambii jirani yake amelipa ngapi. Hapa sokoni bei ya yule aliyetangulia husikika, na ndiyo sababu tunanong'ona tukimuuzia mtu ghali. Basi wekeni chini ya ile bei kitufe cha "mwisho bei gani?" na mashine ijibu. Mteja akiweka vitu kikapuni akaondoka, mashine imwite kwa sauti, ikiwezekana imfuate mpaka kwenye gari ikimwambia "leta yako basi". Iape kwamba haipati faida, maana biashara bila kiapo haina ladha. Na pembeni ya bei yake aonyeshwe bei aliyouziwa mtu wa mwisho. Hapo mtakuwa mmetufikia, na hakuna jaji atakayewasumbua.

Mkipata ugumu katika hilo la kuapa, tumeni vijana wenu wa hesabu waje Karume, tutawafundisha wenyewe. Ada ya mafunzo hatujaiandika popote. Tutawatajia wakishashuka kwenye gari.

Wenu katika biashara,

Muuza mashati,
Soko la Karume, Ilala.