Chema Chajiuza? Thubutu!

Aliyesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nina hakika hakuwahi kudaiwa kodi ya nyumba. Mimi nimekaa barazani miaka yote hii na chema changu, nikingoja kijiuze. Hakijajiuza. Walionipita ni waliojitembeza, na wengine wamejitembeza mpaka wamefika redioni.

Chema chenyewe ni maembe. Sina shamba wala genge. Nina mapenzi tu, na maarifa yaliyoletwa na mapenzi. Nipe embe gizani, nitalinusa kwenye kikonyo nikwambie kama ni dodo au boribo. Nitakwambia hili limeivia mtini, hili limevundikwa kwa subira, na hili limeharakishwa na karibaidi, nje njano, ndani chachu. Najua kwa nini utomvu wa embe bichi ukikugusa mdomo unakuachia kidonda: mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, na ukoo ule kwa ukali hawajambo. Haya yote nimekuwa nikiyagawa bure kwenye daladala, harusini na hata msibani, mpaka mke wangu akanipiga marufuku kutaja embe mbele ya wakwe.

Ndipo mpwa wangu alipoingilia kati. Ni kijana wa mjini, kazi yake sijaielewa hadi leo, ila inahitaji simu mbili na chaja nyingi. "Anko," akaniambia, "una madini, lakini umeyakalia. Jitangaze!"

Kujitangaza, nikaelezwa, huanza na cheo. "Mpenzi wa maembe" halifai. Hata mbuzi ni mpenzi wa maembe. Akanipa orodha nichague: Daktari wa Maembe, Balozi wa Maembe, Kungwi wa Maembe, Mbobezi. Nikamuuliza nani atanitunuku cheo hicho. Akanitazama kwa huruma. Kumbe siku hizi mtu hatunukiwi, anajiandikia mwenyewe. Tukakubaliana Mbobezi, maana Daktari anaweza kudaiwa cheti, na kuhusu Kungwi mke wangu alitaka maelezo ya kina.

Kisha picha. Zunguka mji huu wa Dar es Salaam utazame mabango. Mtaalamu awe wa ndoa, wa kuku wa mayai au wa viwanja vilivyopimwa, amekunja mikono kifuani, amegeuka upande kidogo, anamchekea mtu ambaye sisi wengine hatumwoni. Nami nikavalishwa koti la suti la mpwa wangu, ambalo vifungo vyake na tumbo langu havikuelewana, katikati ya joto la Januari. Mpiga picha akaniamuru nilishike embe kwa mamlaka. Hebu jaribu nyumbani kwako kushika embe kwa mamlaka, halafu uniletee majibu.

Yote hayo niliyavumilia. Kilichonishinda ni video.

"Anko, embe tamu kuliko yote ni lipi?" mpwa akauliza, simu ikirekodi.

Nikajibu ukweli wa Mungu: inategemea. Unataka la kula, la juisi, la achari, au bichi la kuchovya kwenye chumvi na pilipili? Akazima simu. "Anko, hakuna inategemea. Watu wanataka jina moja." Tukaanza upya. Nikipanda kokwa la embe tamu, nitavuna embe lile lile? Inategemea, nikasema. Ziko aina ambazo kokwa lake hutoa mche uliofanana na mama, na ziko ambazo kokwa hukuletea mtoto asiyejulikana katoka upande gani wa ukoo; ndiyo maana wakulima wananunua miche iliyobebeshwa. Simu ikazimwa. Haya, nitajuaje embe limeiva, kwa rangi? Rangi ni mwongo mkubwa, nikasema. Kuna yanayoiva yakiwa bado kijani na kuna yanayopaka wekundu yangali magumu, kwa hiyo inate... Mpwa alikuwa ameshaweka simu mfukoni.

Hapa ndipo ugomvi wangu na dunia ulipo. Kadiri unavyokipenda kitu na kukichunguza, ndivyo unavyoishiwa sentensi za kuuza. Kila unachojua kina "ila" yake, kina "isipokuwa" yake. Asiyejua ana sentensi moja, fupi, imenyooka, haina ila. Yeye ndiye anayealikwa.

Ninaye mmoja wa namna hiyo mjini humu, simtaji. Anaitwa mtaalamu wa matunda, na sijawahi kuona maji ya embe yakimtiririka kwenye kiwiko. Sentensi yake ni hii: embe linatibu magonjwa saba. Wasikilizaji wanapiga simu mpaka laini zinajaa. Siku hizi utaalamu usiotibu haujakamilika; kila kitu lazima kitibu, kuanzia kitunguu hadi maji ya kuoshea mchele. Hakuna anayeuliza embe lina ladha gani. Wanauliza linasaidia nini. Mpwa akanisihi na mimi nitafute ugonjwa japo mmoja, hata mafua. Nikakataa. Embe nalipenda, siwezi kulituma kazi ambayo sina uhakika nayo.

Wala tusizisingizie simu za mkononi. Ugonjwa huu ni wa kale. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita pwani yetu, akashuka Mogadishu, akaja Mombasa na Kilwa. Huko Mogadishu alikaribishwa chakula, na miongoni mwa vitoweleo yakawamo maembe. Baadaye akasimulia kwamba tunda hilo linafanana na tofaa ila lina kokwa, likiiva ni tamu, likiwa bichi ni chachu, na watu hulitia kwenye siki. Basi, hayo tu! Mwenyeji yeyote wa pwani angeyasema hayo akiwa amelala. Lakini leo, karibu miaka 700 baadaye, anayesomwa ni yeye. Mpishi aliyejua embe lichumwe lini na likae kwenye siki kwa muda gani hana hata jina. Mgeni alirudi Morocco akamwambia katibu aandike. Mpishi alirudi jikoni.

Tena hata maembe yenyewe yameielewa dunia kuliko mimi. Huko Florida, Marekani, katika karne iliyopita, bwana mmoja aliyeitwa Thomas Atkins alipeleka embe lake kwa kamati ya wajuzi wa maembe. Wakalionja, wakalikataa: nyuzi nyingi, utamu wa kawaida tu. Lakini embe hilo lilikuwa na mashavu mekundu, na lilivumilia safari na kukaa rafuni bila kunung'unika. Wakulima na wachuuzi hawakuingoja kamati. Leo Tommy Atkins ndilo lililotapakaa kwenye maduka ya Marekani na Ulaya, na limepandwa hadi huku kwetu ili liuzwe nje. Wataalamu walisema hapana, mashavu yakasema ndiyo. Wakati huohuo ngowe la pwani ya Kenya, nyama laini, nyuzi karibu hakuna, mwulize mtu wa London kama amewahi kulisikia. Hicho ndicho chema kinachojiuza: kinaanguka chini ya mti wake, popo wanafaidi.

Basi nikakubali tangazo langu lisambazwe, picha na koti na embe la mamlaka. Simu zikaanza. Wa kwanza alitaka kiwanja. Wa pili kuku wake wameacha kutaga, na nilipomwambia mimi ni wa maembe akajibu, "Si mtaalamu wewe?" Ikafuata kamati ya harusi. Wanataka niwachagulie maembe ya wageni, matenga kwa matenga, alfajiri, sokoni. Nikauliza malipo. "Mzee, bajeti imebana kidogo, ila utajulikana."

Nitajulikana! Mwenye nyumba wangu ananijua vizuri sana, na hajawahi kunipunguzia hata mwezi mmoja.

Hasara kubwa zaidi imenipata soko la Buguruni. Mama ninayenunua kwake siku zote ameiona ile picha. Zamani aliniachia nibonyeze, ninuse, nigeuzegeuze mpaka niridhike. Sasa ananipiga kofi la mkono. "Mbobezi unaminya nini? Si unajua kwa macho?" Na fungu lililokuwa bei ya jirani limepanda, kwa sababu mtu mwenye suti kwenye simu hawezi kukosa hela. Nikimlalamikia anawaita wenzake waje kumwona Mbobezi anayelilia mia mbili.

Lakini nimeshajitembeza, kurudi barazani siwezi. Kwa hiyo natangaza rasmi: ushauri wa maembe unatolewa. Anayetaka magonjwa saba amfuate mwenzangu redioni. Kwangu utapewa "inategemea" tatu kwa ada moja, na ya nne ni nyongeza kwa wateja wa mapema. Ada yenyewe ndiyo pekee isiyotegemea kitu: pesa mbele, embe nyuma.