Sifa za Begi la Magongo

Washairi wa pwani wamekwisha kusifu mengi. Wamesifu wafalme na farasi wao, jahazi na minazi, mabibi na mikufu ya mabibi, na sina shaka kwamba katika wingi huo wamo waliosifu visivyostahili ili wapate chakula cha jioni. Mimi silipwi kwa sifa nitakazozitoa leo. Bali nimelipa, na ningali nalipa kila muhula. Basi kwa ridhaa yangu na akili yangu timamu, nakusudia kulitukuza begi la mwanangu la mpira wa magongo, ambalo makazi yake ni nyuma ya mlango wa stoo yetu hapa Moshi, na ambalo kila apitaye karibu nalo huinamisha kichwa, hushika pua na kuharakisha hatua, kwa taadhima yote inayostahili jambo adhimu.

Mzazi ambaye mtoto wake ameandikwa msimu huu kwa mara ya kwanza katika timu ya magongo hudhani kwamba amejifunga kununua gongo, au stiki kama waiitavyo watoto wenyewe, pamoja na viatu na jezi. Na aghalabu hapana mtu wa kumwambia, kwa kuwa waliomtangulia wanatamani apatwe na yaliyowapata, kwamba alichokikaribisha nyumbani ni begi. Gongo ni jambo dogo. Lina upande mmoja tu bapa wa kupigia, na sheria haitambui gongo la mkono wa kushoto, ingawa jirani yangu, ambaye binti yake hutumia mkono huo, alizunguka Soko la Memorial kutwa akiwauliza wauza mitumba habari zake, na kila mmoja akamwambia kwa ukarimu wa biashara kwamba limeisha jana. Vikinga ugoko ni faradhi, maana mpira wenyewe una uzito wa gramu 156 hadi 163, na ugumu wake huwezi kuujua mpaka ukugonge. Lakini gongo, vikinga, kinga ya meno, glavu, soksi ndefu na jezi ya juzi, vyote hivyo ni wapita njia. Huingia begini vikiwa vitu mbalimbali, na baada ya majuma machache huwa kitu kimoja, chenye nafsi yake na, kama nitakavyobainisha, chenye maadili yake.

Fadhila yake kuu ni ukweli. Wapo watu wakweli, nami nimepata kuwajua wachache. Lakini mtu mkweli huweza kunyamaza, na begi la magongo halijui kunyamaza. Wataalamu husema kwamba jasho litokapo mwilini halina harufu ya kutajika, na kwamba ni bakteria wakaao katika ngozi na nguo ndio wanaolila na kuligeuza kuwa hilo linalotutoa sebuleni. Kazi hii haifanywi kwa pupa. Yataka joto, unyevu, giza na subira, na begi limejaaliwa yote manne, hasa mwezi wa Juni na Julai, wingu litandapo mlimani siku nyingi hata mji mzima ukasahau kwamba Kibo iko kaskazini yake, nguo zikaanikwa asubuhi na kuanuliwa jioni zikiwa na maji yale yale. Hapo ndipo begi husema. Nikifungua zipu yake Jumamosi usiku, nasoma habari za siku nzima bila ya kumwuliza mtu: udongo mweusi wa Mabogini, huko chini kwenye mashamba ya mpunga, una uvundo wake, mzito na wa kinamasi, udongo mwekundu wa Kibosho huja na majani ya mgomba yaliyooza na samadi kidogo, na uwanja wa mjini ambamo ng'ombe hulala usiku haumsumbui msomaji kwa mafumbo. Mwanangu aliponiambia siku moja kwamba alishinda maktaba, begi lilimkanusha kabla mimi sijafungua kinywa. Alipodai kwamba soksi zimefuliwa, lilimkanusha tena, na safari hii mpaka jikoni.

Tumejaribu kulipotosha, na halipotoki. Tumelitia magadi, limao, majivu na majani ya mwarobaini. Shangazi yake mtoto, ambaye ni mtu wa Tanga na hakubali kushindwa na harufu yoyote, alikuja na chetezo chake akalifukiza udi na ubani tangu magharibi hata isha, akisoma visomo ambavyo sikuvielewa vyote. Na begi likatoka katika moshi ule likinuka kama harusi iliyofanyika ndani ya kiatu. Shangazi alirudi Tanga kwa basi la asubuhi. Sikumlaumu, maana nani kati yetu aliyezoea kukutana na kitu kisichobadilishwa na hidaya wala manukato?

Lina fadhila nyingine ambazo sitazirefusha. Huzuia wezi. Hupunguza wageni wa saa ya chakula. Panya wa stoo wamehama kwa hiari yao. Na trafiki mmoja wa barabara ya Arusha, aliyeniamuru nifungue buti la Noah, alilifunga kwa mkono wake mwenyewe akanitakia safari njema.

Narudi kwenye ukweli, kwa sababu huko ndiko begi linakowapita viumbe wengi wenye elimu. Katika mashindano ya shule hapa nchini, kilio cha mamluki hakikomi: mtu mzima amevalishwa jezi ya mtoto, cheti cha kuzaliwa kiko mkononi mwa mwalimu, kimepigwa mhuri na kukunjwa vizuri, na cheti hicho kinaapa kwamba bwana huyu, aliyenyoa ndevu alfajiri, ana umri wa miaka kumi na mitano. Wala si shule peke yake. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya soka ya vijana walio chini ya miaka 17, ilikuwa imekwisha kufuzu kwenda mashindano ya Afrika huko Gambia, ikaondolewa kwa ajili ya umri wa mchezaji. Tangu mwaka 2009 FIFA, kwa kukata tamaa na karatasi za wanadamu, hupiga picha kifundo cha mkono cha kijana kwa mashine yenye sumaku ili mfupa wenyewe useme umri wake. Mashine hiyo ni ghali. Mimi ningependa kuitolea dunia njia rahisi zaidi: fungueni mabegi. Uvundo wa begi la mtoto wa miaka kumi na mitatu na uvundo wa begi la mtu mwenye mke na deni ni vitu viwili mbalimbali, na hapana ofisi iwezayo kuupiga mhuri mmoja ukawa mwingine.

Na mchezo wenyewe, huko nyuma, ulikuwa na unyofu unaofanana na begi lake. Mwaka 1980, mataifa mengi yalipogoma kwenda Moscow kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan, nafasi zilipatikana, Tanzania ikapeleka timu ya magongo katika Olimpiki. India, ambayo mwishowe ilichukua dhahabu, ilitufunga mabao 18 kwa bila. Zilishindana timu sita, nasi tukawa wa sita. Katika michezo hiyo hiyo Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walipata medali za fedha, na watu wakawakumbuka hao, kama ilivyo haki. Lakini mimi nina mapenzi na wale wa magongo pia, kwa kuwa walikwenda, walicheza, walifungwa, walirudi, na sijapata kusikia kwamba mzazi wa mmoja wao aliingia uwanjani na mwavuli.

Nayasema hayo kwa sababu ya mechi moja ya watoto waliofungwa tatu kwa bila. Ilichezwa katika uwanja wa shule ya mwanangu, ulioko juu ya mji, na ni lazima kwanza niueleze uwanja huo. Watu wa mlimani wamekipanda migomba na kahawa kila kipande cha tambarare walichojaaliwa, nao wamefanya busara, maana mgomba hulisha watu na mpira wa magongo haujamlisha mtu. Kwa hiyo kiwanja kilichobakia kwa michezo kimeinama. Timu inayoshambulia kwa kushuka hufunga mabao, na inayoshambulia kwa kupanda hufunga safari. Mpira ukitoka upande wa chini hauokotwi uwanjani bali katika mfongo, yaani mfereji wa maji, na mfongo una mwendo. Siku hiyo refa alikuwa kijana wa kidato cha tano mwenye filimbi ya kuazima, aliyejitolea bila ya malipo yoyote. Bao la pili lilipoingia, bwana mmoja mwenye koti zuri na sauti kubwa akatoka mbio mpaka kwenye mstari.

"Ofsaidi! Refa, we kipofu? Ofsaidi ile!"

Kijana akasimamisha mchezo, akamwendea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Ada ni ada, na ghadhabu haimwondolei mtu wajibu wa kuitikia. "Marahaba," akasema yule bwana kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mzee, mchezo huu hauna ofsaidi."

"Tangu lini?"

"Tangu mimi sijazaliwa, mzee."

Kijana alisema kweli. Sheria hiyo iliondolewa katika magongo miaka ya 1990. Yule bwana akatafakari kwa muda wa pumzi mbili, kisha akapaza sauti upya kwamba, kama hakuna ofsaidi, basi ile ilikuwa faulo. Na alipochoka yeye, akapokea mama mmoja, akamwuliza mwanawe mbele ya wenzake ada zake zinakwenda wapi, swali zuri ambalo mahali pake palikuwa kwa mhasibu. Baada ya filimbi ya mwisho watoto wa timu zote mbili walikaa chini ya mti wakigawana ndizi, matokeo wamekwisha yasahau. Waliofungwa kweli walikuwa wamesimama kandokando ya uwanja wakiwa na funguo za magari mikononi, na baadhi yao walifungwa mpaka Jumatano.

Hapa naomba msomaji aniwie radhi, maana nimeahidi sifa na kalamu inakataa. Muhula uliopita palikuwa na mashindano Arusha, mwendo wa kilomita zipatazo 80, na shule ikakodi Coaster moja kwa michango yetu wazazi. Akapanda mwenyekiti wa kamati ya michezo, na mweka hazina, na katibu, na mwalimu wa nidhamu, na mke wa mmoja wao aliyekuwa na shughuli zake za harusi huko, na mtu mmoja ambaye mpaka leo cheo chake hakijabainishwa, ingawa posho yake imebainishwa. Viti vikaisha. Wakaambiwa watoto wawili wa akiba washuke. Walishuka. Mmoja wao ndiye aliyefika alfajiri kabla ya wote, giza likiwa bado, akayapakia mabegi ya wenzake juu ya keria, kwa sababu mwenyekiti aliagiza kwamba yasiwekwe ndani, yanawakera viongozi. Na gari lilipoondoka alisimama pale getini na stiki yake, akipunga mkono, maana alilelewa vizuri. Huko Arusha wakubwa walikula kuku. Watoto walikula mkate na soda. Na katika hesabu tulizosomewa baadaye, mkate na kuku viliandikwa katika mstari mmoja, "chakula, wachezaji na viongozi", jumla yake moja, na aliyenyoosha mkono kuuliza akaambiwa kwamba muda umekwisha. Ni aibu. Nimetafuta neno lenye adabu zaidi na sikulipata.

Sasa fikiri: kati ya vyote vilivyosafiri siku ile, kilichotolewa nje kwa kosa la kunuka kilikuwa begi!

Kwa hiyo nimemwandikia katibu barua rasmi, kwa heshima zote zimpasazo, nikipendekeza kwamba kuanzia muhula ujao kila mkutano wa kamati ufanyike ndani ya Coaster iliyofungwa madirisha, ikiwezekana mwezi wa Julai, begi la mwanangu likiwa wazi mbele ya mweka hazina wakati asomapo hesabu, na asiruhusiwe kushuka mpaka afike mstari wa mwisho. Nilijitolea kulileta begi hilo mwenyewe, bila ya posho. Jibu halijafika. Kilichofika ni karatasi ya mchango wa dharura, inayomtaka kila mzazi atoe fedha za kusawazisha uwanja, uwanja ule ule tuliousawazisha kwa mchango wa mwaka jana na wa mwaka juzi, na ambao Jumamosi iliyopita ulikuwa ungali unaimwaga mipira mfongoni.