Mchango wa Mtumiaji

Kuna watu wanaoamini kwamba vyombo vya umeme havina akili. Hao hawajawahi kumiliki laptopu yenye waranti ya mwaka mmoja. Yangu ilijua tarehe. Ilipiga kazi mwaka mzima bila kukohoa, ikavumilia joto la Dar es Salaam, vumbi la Mbagala na umeme unaokatika bila hodi na kurudi kwa kishindo. Waranti ilipoisha, ikasubiri wiki chache kwa adabu, watu wasije wakasema imekusudia. Ndipo ikaanza.

Ilichagua kuanzia kwenye kikao cha kamati ya harusi. Mimi nilikuwa mweka hazina, cheo ambacho hapa mjini hupewa mtu asiyekuwepo siku ya kuchagua viongozi. Watu huahidi michango kwa sauti kubwa na hulipa kwa sauti ndogo, kwa hiyo nilibuni njia ya kuwakumbusha: orodha yote ya majina, ahadi na salio naipiga kwa projekta ukutani, kila mtu ajisome mbele ya wenzake. Aibu hukusanya pesa kuliko risiti.

Jioni ile tulikuwa tumefika katikati ya orodha ukuta ulipoota mistari ya kijani na ya pinki kutoka juu mpaka chini. Kisha majina yakaanza kuzaana. Shemeji wa bwana harusi, aliyeahidi laki tano na kutoa elfu hamsini, akatokea mara sita, na kila alipotokea deni lake lilikuwa palepale.

"Mweka hazina," akauliza mwenyekiti, "hii ndiyo riba?"

Sijajibu, ukuta ukawa mweusi. Skrini ya laptopu nayo nyeusi. Feni tu ndiyo iliyoendelea kuvuma, na taa ya pembeni ikawaka kama kawaida, kuonyesha kwamba mashine ni nzima isipokuwa haioni sababu ya kutuonyesha chochote.

Sijawahi kupewa pole nyingi kiasi kile. Waliokuwa na madeni makubwa ndio waliosimama wa kwanza. Shemeji alinishika bega. "Usijali kaka, mambo ya mitambo haya. Tuanze upya tu, kila mtu aseme mwenyewe alichotoa. Sisi ni watu wazima."

Kesho yake nikampelekea fundi, kijana mwenye meza moja kwenye korido ya ghorofa la pili Kariakoo. Aliunganisha skrini ya nje, nayo ikabaki giza. Akasikiliza feni, akatikisa kichwa. "Hii VGA, mzee. Chipu imeachia." Alipoona uso wangu umeanguka akanipa habari njema: chipu ya picha ikifa haifi na kumbukumbu. Akachomoa diski, akaichomeka kwenye mashine yake, na orodha yangu ikafunguka yote, na laki nne na nusu za shemeji zikiwa zimetulia mahali pake. Nilimtumia ujumbe nikiwa bado nimesimama pale pale mezani. Hakujibu, lakini tangu siku hiyo sikusikia tena mtu yeyote akisema sisi ni watu wazima.

Fundi alinieleza pia maana ya kuachia, na nimekuja kuona kwamba hakukosea sana. Chipu ya picha ni kipande chembamba cha silikoni kilichokaa juu ya kibao chake kidogo, na kati yao kuna vitone vingi vya lehemu vinavyopitisha umeme. Pembeni ya vitone hivyo hujazwa gundi maalumu ya kuvishika. Mashine ikipata moto vyote vinatanuka; ikipoa vinasinyaa. Tatizo ni kwamba silikoni na kibao havitanuki kwa kiasi kimoja, kwa hiyo kila ukiwasha na kuzima, vitone vinavutwa huku na huku. Kama lehemu iliyochaguliwa ni ngumu isiyopenda kuvutwa, na gundi ni ile inayolegea mapema kwenye joto, ufa unaanza. Huuoni wala huusikii. Unakuja kuuona siku shemeji anapogeuka sita.

"Naipiga bloa," fundi akasema. Bloa ni mtambo wa kupuliza hewa ya moto mkali. Chipu ikichemka vya kutosha, ufa hukutana tena kwa muda na picha hurudi. Duniani kote watu wamejaribu vituko vya namna hii: wapo walioweka ubao mzima wa laptopu kwenye oveni ya jikoni na kukaa kuusubiri. Nilimuuliza fundi kama kazi yake ina garantii. Akanitazama kwa huruma. "Garantii ipo, mzee. Ya hapa hapa mezani."

Alikuwa mkweli. Pale mezani iliwaka vizuri sana.

Ilipozima tena nikaamua kufuata haki yangu, jambo linalohitaji nauli. Dukani niliponunua, muuzaji alinipokea kwa bashasha mpaka alipoona mfuko nilioubeba una kitu ndani. Nyuma yake ukutani kulikuwa na mabango mawili: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI, na chini yake, KARIBU TENA. Akaisoma risiti, akahesabu miezi kwa vidole, akafika kwenye kidole nilichokuwa nakiogopa.

"Ungekuja mapema, mzee wangu."

"Mapema ilikuwa nzima."

"Ndiyo. Basi mapema hiyo ndiyo ilikuwa ndani ya waranti."

Akanielekeza kwa wakala. Ofisi ya wakala ilikuwa na kiyoyozi, maji ya kunywa na kijana mwenye tai, aliyeandika namba ya mashine kwenye kompyuta yake, kompyuta nzima isiyo na mistari, nikaionea wivu. Akasema mashine yangu iliingia nchini kupitia Dubai, kwa hiyo waranti yake, hata ingekuwa hai, ingekuwa ya huko.

"Lakini mimi naishi Mbagala," nikamwambia.

"Tunaelewa," akanijibu, akaandika kitu.

Nikamwandikia mtengenezaji mwenyewe. Alinijibu kwa heshima kubwa: laptopu ni yake, ila chipu ya picha imetengenezwa na kampuni nyingine. Nikaiandikia kampuni nyingine. Nayo ikanijibu kwa heshima kubwa zaidi: chipu ni yake, ila yenyewe haiuzi kwa mtu mmoja mmoja, tafadhali niwasiliane na mtengenezaji wa laptopu. Wote wawili walinishukuru kwa uvumilivu wangu, ingawa hakuna mahali nilipokuwa nimewaambia kwamba ninao.

Sitawataja, kwa sababu chipu yangu haikupimwa na maabara yoyote zaidi ya meza ya korido. Lakini kipo kisa kikubwa cha aina hiyo kilichotangazwa hadharani na kufika mahakamani, nacho ni cha kampuni ya Nvidia ya Marekani.

Tarehe 2 Julai 2008 Nvidia ilitangaza kwamba inatenga dola milioni 150 hadi 200 za kulipia waranti, matengenezo na ubadilishaji, kwa sababu baadhi ya chipu zake za toleo lililotangulia zilikuwa zinakufa ndani ya laptopu kupita kawaida. Ilikiri kwamba malighafi za kuunganishia chipu na kibao chake zilikuwa dhaifu. Mpaka hapo ni uungwana mtupu. Lakini tangazo lilipotaja vinavyochangia tatizo, halikuishia kwenye malighafi. Likaongeza jinsi watengenezaji wa laptopu walivyopanga upozaji wa mashine zao. Na likaongeza jinsi wateja wanavyozitumia.

Hapo ndipo nilipoweka chini kikombe cha chai. Mteja naye amechangia! Nikajiuliza amechangia nini, maana hakuchagua lehemu wala gundi. Amechangia kuiwasha. Halafu, kama vile hiyo haitoshi, usiku akaizima akalale. Asubuhi akarudia. Kwa hesabu hiyo, mteja mwema ni yule anayenunua laptopu na kuiacha kwenye boksi, na mimi wa Mbagala, ambaye umeme ulinisaidia kuizima hata nisipotaka, ni mchangiaji mkuu kuliko wote waliomo kwenye orodha yangu.

Watengenezaji wa laptopu nao walihangaika kila mmoja kwa namna yake. Dell ilitoa programu ya kuifanya feni izunguke mara nyingi zaidi, ili joto lisipande na kushuka sana, kisha ikaongeza miezi 12 ya waranti kwa mashine zilizohusika. Feni ya namna hiyo haizibi ufa. Inauomba tu usiwe na haraka. HP iliongeza waranti ya baadhi ya matoleo yake ikafika miezi 24. Apple ilieleza Oktoba 2008 kwamba Nvidia iliwahakikishia kuwa MacBook Pro zao hazimo. Wakachunguza wenyewe, wakakuta baadhi zimo, wakaahidi kuzitengeneza bure ndani ya miaka miwili tangu kununuliwa, muda ambao baadaye waliurefusha. Yaani hata Apple ilipouliza ilijibiwa kwamba hakuna tatizo. Nilifarijika. Nilidhani majibu hayo huandikiwa wakazi wa Mbagala tu.

Wateja wa Marekani walishtaki kwa pamoja, na mwaka 2010 wakafikia suluhu katika mahakama ya shirikisho ya California. Wenye mashine za Dell na Apple zilizohusika walipewa nafasi ya kutengenezewa. Wenye laptopu za HP wakaambiwa watapewa mashine mpya ya aina na thamani inayofanana. Ilipojulikana ni ipi, ikawa Compaq ya bei ya chini, na watu waliokuwa wamelipia mashine za kifahari wakaja juu. Walipeleka pingamizi mahakamani, halikuwafikisha mbali. Naielewa hasira yao, ila nakiri kwamba nilipokuwa naisoma nilikuwa natazama laptopu yangu iliyozimika, nikaona Compaq ya bei ya chini ni kitu chenye sura nzuri sana. Madai yalifungwa Machi 2011, na suluhu ilikuwa ya wanunuzi walioko Marekani. Chipu zilikuwa zimekwenda dunia nzima. Fidia haikuwa na pasi ya kusafiria.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwenye biashara hii kanda hilo huteremshwa ngazi kwa ngazi: aliyetengeneza chipu anamtwika aliyetengeneza laptopu, naye anamtwika wakala, wakala anamtwika duka, na duka linamtwika aliyekuja na mfuko. Kila anayelitua anasema ni jepesi. Anayejua uzito wake ni yule wa mwisho, ambaye chini yake hakuna mtu isipokuwa fundi wa korido, na fundi anataka kulipwa kwanza.

Si lazima iwe hivyo. Julai 2007 Microsoft, baada ya mashine zake za michezo za Xbox 360 kuzimika na kuwasha taa nyekundu, iliongeza waranti ya tatizo hilo ikawa miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1. Haikufanya hivyo kwa mapenzi tu. Kelele zilikuwa nyingi. Lakini ilikubali jambo ambalo karatasi yangu ya waranti ilikataa: kasoro ambayo bidhaa imezaliwa nayo haipimwi kwa kalenda ya mnunuzi. Ufa ulikuwa umeshapangwa kiwandani kabla sijapanda daladala kwenda Kariakoo. Kuniambia nimechelewa ni kunilaumu kwa kutougundua kabla haujatokea.

Hata kwetu sheria ipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu nzima ya masharti yanayohesabika kuwemo katika mkataba wa mlaji hata kama hakuna aliyeyaandika, na nyingine inayohusu wajibu wa mtengenezaji. Bango la ukutani si sheria, ingawa limeandikwa kwa herufi kubwa zaidi. Nilipomtajia muuzaji habari hizo alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nimesoma sana, na akanipunguzia elfu tano kwenye mashine nyingine. Sikuinunua.

Harusi ilifungwa, ubwabwa ukaliwa, na shemeji alimaliza deni lake asubuhi ya sherehe yenyewe, akiwa amevaa suti na akiongea na mimi kwa mkato. Laptopu nikamrudishia fundi anunue kwa ajili ya vipuri. Aliipindua, akajaribu bawaba, akabonyeza vitufe kimoja kimoja, akataja bei ya kunisikitisha. Nikakubali. Alipokuwa anahesabu noti akasita.

"Mzee, hii skrini nikimfungia mteja ikamfia, nakurudishia? Una garantii?"

Nilisimama wima. Kwa mara ya kwanza katika safari ile yote, kulikuwa na mtu chini yangu.

"Ni skrini imara sana," nikamwambia kwa heshima kubwa, huku nikizipokea pesa. "Ila itategemea na huyo mteja wako atakavyoitumia. Nakushukuru kwa uvumilivu wako."