Namna ya Kujiita Mwenyewe Mpaka Feni Ilie

Tangu 2015, kila ifikapo tarehe 1 Desemba, Mmarekani Eric Wastl hufungua mafumbo yake ya Advent of Code: fumbo moja kwa siku, kila moja lina sehemu mbili. Hutoka saa sita usiku kwa saa za mashariki ya Marekani. Dar es Salaam na Nairobi hiyo ni saa mbili asubuhi, wakati mwajiri wako anaamini umeshaanza kazi. Mwache aamini. Tangu 2025 mafumbo ni 12 badala ya 25, na orodha ya dunia ya wenye kasi imefutwa, kwa hiyo kuchelewa si aibu tena.

Lugha ni hiari yako. Wenye haraka huchukua Python, wakamaliza, wakaenda kunywa chai. Wewe chukua C, kazi ya Dennis Ritchie wa Bell Labs, kisha ule kiapo kwamba hutaandika kitanzi hata kimoja. Kila kitu kitafanywa kwa rikasheni, yaani fanksheni inayojiita yenyewe. Ukiulizwa kwa nini, sema "usafi wa fikra" na ubadilishe mada.

Anza na samaki wa tarehe 6 Desemba 2021. Kila samaki huzaa kila baada ya siku 7, na mtoto huongezewa siku 2 kabla ya uzazi wake wa kwanza. Watakuwa wangapi baada ya siku 80? Toa siku alizobakiza samaki kabla ya kuzaa, kinachosalia kiite n. Jibu ni samaki(n - 7) + samaki(n - 9), na n ikifika sifuri au ikashuka zaidi, rudisha 1. Mistari miwili tu. Piga picha ya skrini, itupie kwenye grupu la WhatsApp la ofisi.

Sehemu ya pili inabadilisha 80 kuwa 256, basi. Katika mfano wa fumbo lenyewe, samaki 5 wanakuwa 26,984,457,539, na kwa kuwa fanksheni yako inamfuata kila samaki mpaka alipo, itajiita karibu mara bilioni 54. Hapo ndipo C inapoharibu watu. Kwa Python ungekata tamaa mapema, ukalazimika kufikiri. C ina mbio za kutosha kukusamehe uvivu. Feni italia dakika kadhaa na jibu litatoka. Atatokea mtu akunong'oneze kwamba n haizidi 256, kwa hiyo ukiweka kila jibu kwenye safu mara tu unapolipata, kazi inaisha kufumba na kufumbua. Mshukuru, ufanye hivyo kimyakimya, na uendelee kuiita rikasheni, maana ni rikasheni kweli.

Samaki hao hawashuki hata ngazi 40. Ukitaka kina, nenda kwenye bomba la tarehe 10 Desemba 2023: ramani ya herufi 140 kwa 140, na bomba la kufuata hatua kwa hatua mpaka urudi ulipoanzia. Ifunge ramani ndani ya struct na uipitishe struct hiyo kila unapojiita. Safu ikiwa peke yake C haiinakili. Ikiwa ndani ya struct, inanakiliwa yote, baiti 19,600 kila hatua. Steki ya Linux kwa kawaida ni megabaiti 8, kwa hiyo utafika hatua mia nne na ushei, nayo njia ina maelfu. Utasomewa "Segmentation fault", bila namba ya mstari wala pole. Fungua gdb, andika bt, utazame jina la fanksheni yako likijipanga ukurasa baada ya ukurasa kama jina la mdaiwa sugu kwenye daftari la duka.

Mtu akikwambia upitishe pointa, mjibu kwamba ndiko ulikokuwa unaelekea. Akikwambia ukompaili kwa -O2, kubali pia, ila usichunguze sana: mwito ukiwa wa mwisho kabisa kwenye fanksheni, gcc huweza kuugeuza kuwa kitanzi, kile kile ulichoapa kutokiandika.

Na idadi ya samaki iwe long long. Kwa kawaida int huishia 2,147,483,647, na kwa mfano ule haitakupa namba hasi ya kukushtua. Itakupa 1,214,653,763, namba safi isiyotiliwa shaka. Utaituma kwa kujiamini, utaambiwa si sahihi, na utasubiri dakika moja kabla ya kuruhusiwa kujaribu tena.